Vidole Juu ya Mkia

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu katika shule ya udaktari wa mifugo ilikuwa kushika mkia. Mwanafunzi huvaa glavu ndefu mpaka begani, huingiza mkono ndani ya ng'ombe kwa nyuma, hupapasa, kisha humwambia profesa kama kuna mimba, na ya miezi mingapi. Majibu yalikuwa kwenye daftari la profesa, lililolala wazi karibu yangu. Nami nilisoma shule ya jioni ukubwani. Hakuna daftari lililonishinda.

Asmau alikuwa binti wa kwanza wa ukoo wetu kufika pale. Siku ya mtihani alinigeukia, mkono ukiwa ndani ya ng'ombe.

"Baba Jibo, sisikii kitu humu. Kama nimetia mkono kwenye gunia la mtama."

"Tazama vidole vyangu," nikamnong'oneza.

Nikanyoosha vitatu juu ya mkia.

"Miezi mitatu!" akasema. Profesa akaandika. Tulifanya hivyo kwa ng'ombe wote wanne. Jioni akaniletea bakuli la fura, uji wetu wa mtama na maziwa. "Profesa ni wewe, Baba!" Nikavimba kichwa.

Mwaka jana jirani yetu Gidado alimkopesha dada yangu Dudu mtamba ambaye hajazaa bado. Kwetu ng'ombe wa mkopo hurudi kwa mwenyewe, ndama hubaki. Dudu ni mjane, na hakuwa na hata ng'ombe mmoja wa kwake. Miezi ikapita, Gidado akachoka.

"Dudu, mtamba wangu anakula kama bwana harusi, halafu hana habari!"

"Ngoja daktari wetu," nikamjibu kwa majivuno. Nilimwita Asmau mimi mwenyewe.

Alipapasa kwa muda mrefu. Kisha akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeifunga mgongoni, kama mzee anayeangalia mtoto wake akisifiwa.

"Hana kitu," akasema. "Tasa."

"Una hakika, binti yangu?" Dudu akauliza.

"Mama, mimi ndiye niliyesoma."

Gidado akamuuzia mchinjaji. Siku ya soko mchinjaji akatuma watu wamwite Dudu. Ndama aliyetolewa tumboni mwa mtamba alikuwa kwenye beseni, kwato zimeshajitengeneza. Dudu akainama, akamgeuza.

"Jike," akasema.

Asmau alikuja kwangu akilia. "Nilitazama vidole vyako, Baba."

Nikaingiza mikono mfukoni.

Dudu ndiye anayemtetea kijijini. "Mwacheni mtoto wa watu," huwaambia. "Kama shule ilimpa cheti, shule ilimwona anajua." Halafu hunigeukia. "Si ndiyo, kaka? Wewe ulikuwepo."

"Ndiyo," nasema. "Nilikuwepo."