Nani Atamkamua

Kila Alhamisi kule Rau, wanawake waliokatwa titi kwa saratani walisimuliana hadithi, na katika kila hadithi mgonjwa alipona. Mwenzao Yuditha, mjane mwenye ng'ombe mmoja, alishuka kutoka Kirua Vunjo, juu mlimani, siku aliyoambiwa ugonjwa umemrudia. Kupona kwa wengine kulimchosha.

"Nisimulieni ya aliyekufa," alisema.

Hadija, fundi cherehani wa mjini, ndiye aliyeanza.

"Alikuwapo mama mmoja, akafa. Wakamzika migombani. Kesho yake ng'ombe wake akalia bandani, kiwele kimejaa."

"Nani akamkamua?" Yuditha aliuliza.

Hadija, ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, alitazama vidole vyake.

"Mimi," akasema. "Kesho napanda huko, dada, unifundishe."