Mlango wa Libuyu

Havugimana alikoroga rangi ya kahawia katika kopo la maziwa ya unga, akatia petroli kidogo, akaipaka kwa umbo la mlango kwenye ukuta wa mbao wa kibanda cha Mama Nyiramahirwe, chini ya volkano. Kabla haijakauka, alishusha kitana cha mpira kutoka juu hadi chini, na mishipa ya mti wa libuyu ikatokea. Palipotakiwa fundo, alibonyeza kidole gumba akakizungusha.

"Ile fundo ishuke kidogo," alisema Mama Nyiramahirwe, akiwa amekalia ndoo. "Pale njo Sibomana aligonga kichwa siku ya ndoa yetu."

"Mama, unataka mulango ao unataka bwana yako?"

"Chora tu, weye. Yeye alishakufa, mulango iko Rutshuru."

Alikuwa ameikimbia nyumba yake ya Rutshuru wakati wa vita, ufunguo wake ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitenge. Havugimana alipomaliza tundu la kufuli kwa ncha ya unyoya wa kuku, mama alifungua pindo, akautia ufunguo ukutani. Ulizunguka mara mbili, ukakwama kidogo katikati, kama zamani.

"Inaomba mafuta," alisema Havugimana, akiosha brashi.

Mama Nyiramahirwe akausukuma mlango, akaingia katika salon yake, sebule ya nyumba ya Rutshuru. Ilinukia vanishi na viazi vya kuchemsha. Mezani alikaa Evariste, mtu aliyehamia humo wiki ileile mama alipokimbia.

"Karibu, mama. Pangusa miguu, vumbi ya volkano yenu inachafua."

Meza ilikuwa ya mbao za kawaida, lakini Sibomana aliipaka ikawa marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Mshipa mmoja ulipinda ghafla, pale Munezero, binti yao, alipomvuta baba yake kiwiko akiwa bado anatambaa. Mama aliupitishia kidole. Kisha Evariste akaweka kikombe juu yake.

"Hii nyumba ni yangu," alisema mama.

"Nasikia, mama. Utakunywa chai?"

Kwao, mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo mgeni anywe bila hofu ya sumu. Mama Nyiramahirwe aliichukua termosi haraka, akajimiminia, akainua kikombe chake cha zamani cha bluu ili aonje yeye kwanza. Evariste alikuwa ameshaonja kwa kifuniko cha termosi.

"Kunywa bila woga," alisema.

Mama akanywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama alivyokuwa akiipika mwenyewe. Alipoinuka, Evariste alimsindikiza hadi mlangoni, kama mgeni anavyostahili.

Kesho yake alikwenda mapema zaidi. Evariste alikuwa ameshaonja. Tangu hapo huenda kila siku, wakati mwingine kabla jua halijakausha umande kwenye migomba aliyoipanda nyuma ya nyumba, na kila mara humkuta Evariste kifuniko kikiwa mdomoni.

"Mama, unatoka wapi?" humuuliza Munezero, ambaye sasa ni msichana mkubwa, kila mama arudipo kibandani.

"Kutembelea batu."

Kisha hugeuka na kuufunga mlango kwa ufunguo, mara mbili, kwa sababu ni nyumba yake, na nyumba haiachwi wazi.