Mafuta Yasiyokunjika

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba cha kliniki, blauzi ameipandisha hadi kifuani, na mtaalamu wa sindano za kuyeyusha mafuta alikuwa anamchora vitone vya wino tumboni. Vitone ishirini na vinne, kila kitone sindano moja. Mimi nilikaa pembeni nimemshikia mkoba, uso nimeukunja utadhani ninayechomwa ni mimi.

"Sentimita, mbona umenuna?" akaniuliza. Ndivyo anavyoniita tangu niolewe, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani. "Cheka basi! Nikipungua, vitambaa vyangu vitabaki vingi vya kuiba."

Mtaalamu akacheka. Mimi sikuweza.

Huu ni mwaka wa kumi na moja ninamshonea wifi. Mafuta nayajua, yananilisha. Mafuta yana tabia zake: mtu akisimama yanatulia, akiketi yanatambaa na kukunjika. Ndiyo maana fundi mwenye akili humpima mteja kiuno mara mbili, amesimama kisha ameketi. Lakini kwa miezi minne tumbo la wifi lilikuwa halikunjiki. Asimame, aketi, futi yangu ya kupimia inasoma namba ileile, na namba hiyo inapanda kila nikimshonea gauni jipya, na kinachoongezeka ni upande wa kulia tu. Pindo la mbele likaanza kunyanyuka kulia. Wakati huohuo mashavu na mikono vinakwisha.

Na mimi nilifanya nini? Niliachia mshono wa kulia, gauni lipanuke upande huo. Mara tatu. Nikasawazisha pindo, gauni likamkaa, watu wakamsifu, mdomo nikaufunga. Wifi ana ulimi mkali. Kuna siku nilimwambia rangi fulani haimpendezi, ukoo mzima ukasikia kwamba nina kijicho. Nikaona ya nini nijitafutie maneno tena. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini wahenga walimsema mgonjwa, hawakumsema fundi wake.

"Hili tumbo limenishinda, dada," wifi alikuwa akimweleza mtaalamu. "Nimekimbia, nimeacha sukari, nimekula majani kama mbuzi. Uso umekwisha, tumbo liko palepale."

"Hayo ndiyo mafuta sugu, na ndiyo kazi ya sindano hizi. Utavimba na kupata michubuko siku chache, usishtuke. Huna mimba? Ini, figo, hazina shida?"

"Sina, hazina, choma tu."

Mtaalamu akavaa glavu. Nilikuwa nimemwangalia vizuri alipochora: alifinya tumbo upande wa kushoto tu, kulia akachora kwa kulinganisha, kama sisi tunavyokunja kitambaa na kukata pande mbili kwa mkato mmoja. Sasa akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akapaka spiriti, akainama. Alitaka kuanza na kulia.

Nikasimama, mkoba ukaanguka.

"Subiri! Hayo si mafuta."

Wifi akanitolea macho. "Nilijua. Nilijua tu hutaki nipendeze."

"Nitukane baadaye. Dada, mwambie aketi. Aketi tu, halafu ufinye hapo kulia."

"Siketi! Choma, achana naye, huyu wivu utamuua."

Mtaalamu alituangalia mmoja baada ya mwingine, bomba liko hewani. Nilidhani atanifukuza. "Hebu keti kidogo," akamwambia wifi. "Dakika moja haitupunguzii kitu."

Wifi akaketi huku anasonya. Mtaalamu akafinya kushoto, mafuta yakajaa kati ya vidole vyake. Akafinya kulia. Vidole vilinyanyua ngozi nyembamba tu. Chini yake palikuwa na kitu kigumu, cha duara, kimekaa. Akabonyeza tena taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Umewahi kupigwa picha ya tumbo?"

"Ya nini?"

"Leo sikuchomi. Hiki sijui ni nini, na si mimi wa kukuambia. Lakini si mafuta. Nenda hospitali leo, usingoje kesho. Nakuandikia barua." Akaweka bomba kwenye sinia, akatoka.

Tukabaki wawili. Wifi alikuwa anaviangalia vitone vyake. Nilingoja matusi, na kwa kweli niliyataka.

"Umejuaje?" akauliza.

Nikamweleza yote: futi, pindo, mshono nilioachia mara tatu.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Aliishusha blauzi yake polepole, akaushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "ningekuwa dada yako wa tumbo moja, ungenyamaza?"

Viatu vya mtaalamu vilikuwa vinarudi ukumbini. Ningeweza kusubiri aingie na barua yake, swali likapita. Nilikuwa nimenyamaza vya kutosha.

"Nisingenyamaza," nikamwambia.