Mkono Uliovaa Kiatu

Fundi viatu alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi: hata akizungumza na mtu, mkono hautoki ndani ya kiatu anachokipaka rangi. Anakusalimia kwa kiatu, anakuelekeza njia kwa kiatu, na akikasirika anakunyooshea kiatu. Siku moja nilimwambia mkono wake umeshageuka mguu. Akanijibu, bila hata kutabasamu, kwamba afadhali yeye, maana ulimi wangu ulishageuka mkasi zamani.

Tulikuwa majirani pale njia panda. Mimi na cherehani yangu ndani, yeye na sanduku lake la mbao nje ya mlango wangu, kwenye kivuli cha bati langu. Alikuwa akisema hawezi kunishukuru kwa kivuli kwa sababu wateja wangu wote wanakuja kwa miguu, na miguu ni mali yake. Ng'ambo yetu kulikuwa na duka la dawa, upande wa pili ukuta wa shule, na katikati lami pana ambayo siku za Jumapili mchana haikuwa ya mtu yeyote isipokuwa wachoma tairi.

Kama hujawahi kuwaona, shukuru. Kijana anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, magurudumu ya nyuma yanazunguka palepale mpaka mpira unaungua, kisha analiachia gari linazunguka kama pia. Moshi mweupe unajaa barabara nzima. Wenzake wanashangilia na simu zao juu. Mimi nilikuwa nafunga madirisha, na bado gauni la bibi harusi wa watu linatoka dukani kwangu linanuka kama limeshonwa gereji.

Bingwa wao alikuwa mume wangu. Walimwita Kiberiti, kwa kuwa popote alipo hapakosi moshi. Nilimpenda nikilijua hilo jina, sitamsingizia mtu. Baada ya ndoa nikamwambia sasa basi, naye akasema ameshaacha. Nikaridhika, kama wanavyoridhika wake wengi.

Aliyekuwa haridhiki ni fundi viatu. Kila Jumapili alisimama ukingoni mwa barabara akiwaambia wazime magari, hapa wanapita watu. Walimcheka. Mmoja alimwambia abaki na viatu vyake, gari halina miguu.

Jumapili ile sikuwepo, nilikwenda soko la vitambaa. Asubuhi nilimwachia fundi viatu vyeusi vya mume wangu, soli zimefumuka. Nikarudi mchana nikakuta watu wanatawanyika polepole, na njia panda imemwagiwa mchanga. Harufu ya mpira ilikuwa nzito hadi machozi yakanitoka kabla sijajua kuna nini cha kulilia.

Nikasimuliwa vipande vipande. Kulikuwa na mama na mtoto wanataka kuvuka, hawaoni pa kupita. Fundi akaingia katikati ya barabara na mkono juu, mkono wenye kiatu, akisema zimeni. Moshi ukamfunika. Ulipoinuka, fundi alikuwa amelala karibu na mtaro, hana uhai, na magari yameshaondoka yote. Gari lipi lilimgonga? Hakuna aliyeona. Polisi walimuuliza huyu, wakamuuliza yule, jibu likawa moja: moshi. Hata simu zao, walizokuwa wakijivunia, zilikuwa zimepiga picha ya weupe mtupu. Watu wote wale, na shahidi akawa moshi.

Mume wangu aliniambia siku nzima alikuwa gereji, chini ya gari la mtu. Mikono yake ilikuwa na oili hadi kwenye viwiko. Nilimwamini, tena ningemwapia.

Ndani ya sanduku la fundi nilikuta kiatu cha mume wangu cha mguu wa kushoto, kimeshonwa vizuri na kupakwa rangi. Cha kulia hakikuwemo. Nilimpelekea hicho kimoja nyumbani. Alikitazama muda mrefu, kisha akaniomba nikitupe. Sikukitupa. Situpi kazi aliyoimaliza marehemu kwa mkono wake. Nilikiweka dukani, kwenye rafu, nyuma ya makopo ya vifungo.

Tangu siku ile mume wangu akawa mtu mwingine. Hakutaka tena hata kusikia habari za tairi, hakukaa na wale rafiki zake, na Jumapili alishinda nyumbani akifua. Watu walinipa hongera. Nilijiona nimemfinyanga mwenyewe. Jambo moja tu lilinishangaza: hakupita tena njia panda. Akinileta kazini alizunguka kwa nyuma, barabara ya sokoni, akanishusha uchochoroni nimalizie kwa miguu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa inazunguka soko zima, ndiyo maana sikuitambua.

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli. Lakini nilikaa mlangoni pale kila siku, na macho ninayo. Lile duara jeusi lililoachwa na tairi Jumapili ile halikufutika. Mvua zilikuja zikaenda, madoa mengine yote yakaoshwa, lenyewe likabaki. Katikati yake palikuwa na kipande cha lami safi, upana wa sinia, kama vile mpira ulikatazwa kukigusa. Wakaja mafundi wa barabara, wakamwaga lami mpya juu yake. Haikupita muda duara likajitokeza tena, kwanza kijivu, halafu jeusi, na pale katikati pakabaki safi.

Kilichonitia ubaridi zaidi ni watu. Hakuna aliyekanyaga pale. Waliokuwa wanavuka huku wanacheka na simu sikioni, wakifika pale walikunja kidogo, wakapita pembeni, wakaendelea kucheka. Waendesha baiskeli hivyohivyo. Nilimuuliza mwenye duka la dawa, mtu wa vitabu, kwa nini na yeye anazunguka. Akaniambia yeye hazungukii kitu. Alikuwa ametoka kuzunguka sasa hivi, nimemtazama kwa macho haya.

Nilikuwa na mimba wakati huo. Mama mkwe alisema mjamzito huona mengi, nipumzike. Nikakubali, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Uchungu ulinishika mchana mmoja wa katikati ya wiki, nikiwa nyumbani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, tulishaambiwa mapema kwamba uchungu ukianza nisicheleweshwe hata kidogo. Mume wangu akatoa gari. Mama mkwe akaingia nami kiti cha nyuma, akanipakata kichwa. Tulipofika barabara ya sokoni tukakuta imechimbwa, mabomba ya maji yamelazwa mtaroni na udongo umeziba njia nzima.

Mama mkwe akasema tupite njia panda.  Mume wangu alikaa na mikono kwenye usukani, gari linanguruma. Mama akarudia, safari hii kwa sauti ya mama. Ndipo akageuza.

Nikiwa nimelala nilikuwa naona dirisha tu. Nikaona bati la duka langu. Nikaona kibao cha duka la dawa. Nikaona ukuta wa shule. Nikafumba macho, uchungu ukaja ukapita, nikafumbua. Nikaona bati la duka langu. Nikafikiri maumivu yamenizungusha kichwa. Kibao cha duka la dawa. Ukuta wa shule. Bati langu.

"Baba," mama mkwe alimwambia mwanawe taratibu, "hospitali iko mbele. Nenda mbele."

Hakwenda mbele. Matairi yakaanza kulia. Harufu ile nilikuwa naijua, ikaingia dirishani na moshi nyuma yake, na kiti kikanivuta upande mmoja hadi mama akashikilia mlango kwa mikono yote miwili. Nilijiinua kidogo nikamwona mume wangu. Hakuwa anacheza. Shingo ilikuwa imeloa jasho, na macho ameyakaza katikati ya barabara, palepale pasafi.

"Siwezi kupita," alisema. "Amesimama."

Nikamuuliza nani.

"Fundi. Amenyoosha kiatu changu."

Sijui kama nitaweza kulieleza hili. Hakuna aliyejua kiatu alichokuwa nacho fundi mkononi siku ile kilikuwa cha nani. Hata mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba cha kulia hakikupatikana. Aliyeweza kukitambua ni mtu mmoja tu, yule aliyekuwa ndani ya moshi, mbele yake kabisa, nyuma ya usukani. Tangu Jumapili ile nilikuwa nalala kitanda kimoja na jibu ambalo mtaa mzima ulikuwa unalitafuta. Hasira ilinipanda hadi ikaufunika uchungu. Na chini ya hasira kulikuwa na woga wa mtoto, maana aliacha kusukuma, akatulia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Siku ile alikwambia nini?" nilimuuliza.

"Nizime gari."

"Basi zima."

"Nikizima atakuja hapa dirishani."

"Na aje. Zima gari, mume wangu, au mwanao afie humu akizunguka."

Alilia kama mtoto, kisha akageuza ufunguo.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia pale njia panda, si kabla wala baadaye. Gari lilisimama limeinama upande, moshi ukatupita polepole. Mume wangu akafungua mlango akashuka. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye duara, akaingia, akasimama pembeni ya kile kipande kisafi, mikono ameishusha. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nililisikia neno moja tu, alilolirudia mara nyingi: ni mimi, ni mimi.

Watu walikuwa wameshatoka madukani, walewale wa Jumapili ile. Safari hii moshi ulikuwa mwembamba na kila mmoja aliona. Mwenye duka la dawa akaja mbio na kigari chake cha kupelekea dawa, wakanibeba, wakaniweka kati ya maboksi. Kigari kikaenda mbele, kimenyooka. Nilitazama kioo cha nyuma. Mume wangu alikuwa bado pale katikati, kichwa chini, kama mtu anayekaripiwa na mkubwa wake na hana cha kujitetea.

Mtoto alitolewa kwa kisu akiwa amechoka sana, wa kike, na alichelewa kulia. Nilipomsikia ndipo na mimi nikalia. Jioni mama mkwe aliniambia mwanawe alikwenda kituoni kwa miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwa ndani ya buti la gari, chini ya tairi la akiba, kimefungwa kwenye tambara. Kilinasa chini ya gari siku ile, naye hakuweza kukitupa. Husemwa mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwa mume wangu haikuwa hivyo.

Alifungwa. Nampenda na sijamsamehe, na yote mawili nampelekea gerezani pamoja na sabuni. Mara ya kwanza nilipokwenda, kabla hajauliza mtoto anaitwa nani, aliniuliza kama fundi bado amesimama. Nikamwambia aanze na mtoto. Akauliza, nikamjibu, akatabasamu kidogo. Halafu akarudia swali lake. Nikamwambia sijamwona mtu, na duara linafifia. Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wameanza kukanyaga katikati kama kawaida, na mimi nilijiambia fundi amekwenda kupumzika.

Kisha wakaja wengine. Wadogo, siwajui, na magari yenye rangi za kung'aa. Ilikuwa Jumapili mchana. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, mimi niko dukani namalizia kazi ya watu. Mikono ilipochoka nilishusha kile kiatu cha kushoto kutoka rafuni nikipake rangi, kama nifanyavyo kila vumbi likikikalia. Nikasikia tairi linalia. Nikasikia kelele za kushangilia. Ukutani mwa shule kulikuwa na mzee na mjukuu wake, wanasogea hatua moja, wanarudi.

Sikumbuki kuvuka mlango. Nakumbuka lami moto chini ya ndala, na moshi unanifunika, na mkono wangu uko juu. Nilipoutazama niliona una kiatu.

Gari lilisimama karibu yangu kiasi kwamba joto la bodi yake lilinigusa magoti. Moshi ukainuka. Dereva alikuwa mtoto wa watu, ndevu hazijakamilika, amefungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyatunza muda mrefu. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu, juu kidogo, mahali ambapo mtu mrefu kuliko mimi angekuwa ameinua mkono.

Sikugeuka. Nilimwambia tu azime gari, naye akazima.