Juu ya Kiti

Mwalimu wa Kiingereza aliyeletwa na hoteli kuwafundisha wafanyakazi walimwita Bwana Kiti, na wala hawakumwonea. Kwake, anayekosea anapanda juu ya kiti, anasimama hapo watu wote wamwone, mpaka mwenzake akosee ampokee. Watu wazima hao, jamani, wenye wajukuu! Na siku ya mwisho, atakayekutwa juu ya kiti kengele ikilia, nafasi ya mapokezi aisahau.

Waliobaki kuigombea walikuwa wawili tu, Mama Mashuka na binti yake. Mama aliitaka kufa na kupona. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli kule chini, kwenye chumba cha kufulia, tangu binti ananyonya, na dawa ya madoa ilikuwa imemla vidole mpaka kushika sindano hawezi. Binti naye alifua huko huko. Mama ndiye aliyemwombea kazi.

"Mama, usihofu," binti alimwambia. "Ukipandishwa kiti, mimi nitakosea makusudi nikupokee. Mimi bado kijana, nafasi zitakuja." Mama alilia kwa furaha.

Siku ikafika. Bwana Kiti akamtaka mama aseme kwa Kiingereza kwamba zamani alikuwa akifua, siku hizi hafui tena. "I used to wash" na "I am used to washing" vilikuwa vimemsumbua kama mapacha, unamwita huyu anaitika yule. Akababaika, akataja kile cha mtu aliyezoea kufua. Darasa likaangua kicheko.

"Panda, bibi," akasema Bwana Kiti.

Akapanda, mkono ukutani. Hakuona aibu sana, maana swali lile lile lilikwenda kwa binti, na dakika zilikuwa zimekaribia kwisha. Binti alilijua, walikuwa wakilirudia kila siku huku wakikunja mashuka. Mama akamkonyeza. Kosea sasa, mwanangu. Kosea!

Binti akaangalia viatu vyake. Kisha akainua kichwa, akajibu sawasawa, bila kigugumizi. Na hakuishia hapo, mtoto yule asiye na haya! Akatoa na mfano ambao hakuulizwa: "My mother is used to washing."

Makofi yakapigwa. Kengele ikalia.

"Shuka, mama, utaanguka," binti akasema, akinyoosha mkono. "Usinikasirikie. Wangejua nimekosea makusudi. Na kusema kweli, kwa vidole hivyo, wageni ungewapaje funguo?"

Mama hakuushika mkono ule. Alishuka mwenyewe, akitambaa kinyumenyume, watu wakimtazama.

Kesho yake sare mpya ya mapokezi ikaletwa chini ipigwe pasi. Hakuuliza ni ya nani. Aliinyoosha kola, mikono, mpaka kifuniko cha mfuko, huku machozi yanamtoka na wenzake wanajifanya hawaoni.

Jioni ikarudishwa. Aliyeituma amesema kola haikunyooka, irudiwe.