Foronya ya Kipima Hewa

Foronya yangu ya maua ilipopotea nilimshuku kila mtu isipokuwa mwizi mwenyewe. Nilimshuku jirani wa kushoto, ambaye kamba yake ya nguo inagusana na yangu, na ambaye ana tabia ya kuanua vya watu halafu akasema macho yake hayaoni vizuri. Nilimshuku hata upepo. Mume wangu alinisikiliza nikilalamika, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema siku hizi watu hawana haya kabisa. Alisema hivyo huku ananitazama usoni!

Mume wangu anasubu sufuria. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, inachangia ukuta na jiko langu. Ndani kuna tanuru la matofali, feni ya kupulizia moto, pipa la oili chafu anayoichoma badala ya kuni, na lundo la aluminiamu chakavu: rimu za magari, fremu za madirisha, sufuria za watu zilizotoboka. Anaviyeyusha vyote, anamimina kwenye kalibu za mchanga, na kesho yake mtaa unapikia. Watu wanamwita Sufuria, na mimi nimekuwa Mama Sufuria hata kwenye vikao vya shule. Moshi wake nimeuzoea. Nikianika shuka nyeupe naanua ya kijivu, nafoka kidogo, yeye anajidai hasikii kwa sababu ya feni, maisha yanaendelea.

Sasa kitindamimba wetu, binti ambaye tulimsomesha kwa sufuria hizo hizo, akapata kazi kwenye ofisi inayopima hewa ya viwanda vidogo. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kazi yake ni kutundika vipima hewa kwenye karakana za uchochoro wetu, kila kimoja kikihesabu chembe za moshi na hewa ukaa na kupeleka habari ofisini chenyewe. Cha kwanza alikitundika juu ya mlango wa baba yake.

"Nikianza kwa wengine watasema nawaonea wao namficha baba," alisema.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cheupe pe, kidogo kama mkebe wa majani ya chai. Baba mtu alivimba kichwa. Mteja akija kuulizia sufuria ya lita kumi, kwanza anaonyeshwa kisanduku. "Hicho amekiweka binti yangu. Tazama, lakini usiguse." Nilimwambia atawafukuza wateja. Akasema mteja asiyependa binti yake akanunue sufuria za dukani.

Basi siku moja mchana binti akaingia jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda, akashika tama. Sikumzoea hivyo. Huyu ni mtoto aliyezaliwa anacheka.

"Mama, namwaga unga," akasema.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Kipima hewa cha baba ndicho kinachosema maajabu. Tanuru likiwa limezimwa kinaonyesha vumbi la kawaida la mtaani. Likiwashwa, hewa inakuwa safi. Safi, mama, kuliko ya bustani ya ofisini kwetu. Mkuu wangu ameniita. Ameniambia, kifaa kinaisifia karakana, na mwenye karakana ni babako, sasa wewe unataka nikuelewe vipi? Kesho anakuja mwenyewe. Nisipokuwa na maelezo, naondoka."

Mwanangu aitwe mdanganyifu, yeye ambaye alipokuwa mdogo akiiba sukari anakuja kujisema mwenyewe mdomo ukiwa bado umejaa! Nikamshika mkono, tukazunguka nyuma.

Tanuru lilikuwa linanguruma. Moshi mweusi umetanda chini ya mabati, na mume wangu yuko katikati yake, anakoroga aluminiamu na kukohoa kile kikohozi chake ambacho siku zote anasema ni mafua. Nikainua macho juu ya mlango. Kisanduku hakikuonekana. Mahali pake palikuwa na kifurushi cheusi, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwenye pindo lake moja, chini ya masizi, niliona ua. Ua lile nililidarizi mwenyewe.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Foronya yangu!"

Akazima feni. Akamwona binti, uso ukamng'aa, halafu akaniona mimi, ukafifia.

"Ningekwambia," akasema. "Nilikuwa nasubiri utulie."

"Baba," binti akasema polepole, "kwa nini umekifunika?"

"Si kitakuwa kichafu, mama?" Yeye humwita binti yake mama tangu alipozaliwa. "Kitu cheupe vile, cha kazini kwako, halafu nikiache kwenye moshi huu? Kingeharibika ungelaumiwa wewe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha nakivalisha. Nikishazima nakivua, nakifuta vumbi. Kitazame, kipya kabisa!"

"Baba, kimewekwa hapo kivute moshi. Ndiyo kazi yake."

Mume wangu akautazama moshi, akakitazama kifurushi, akakaa juu ya rimu.

Binti akapanda kwenye ndoo, akaivua ile foronya, akaigeuza. Nje ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Ndani maua yangu yalikuwa vilevile, mekundu na manjano. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishikiza kwenye mlango, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Kisanduku umekifunika," akasema. "Na wewe unasimama hapa kutwa pua wazi."

"Mimi si mpya," akajibu baba yake.

Hapo na mimi nikashindwa kufoka. Niliyaona yale masizi nikajua yalikokuwa yanaingia miaka yote, ndani ya kifua ninacholalia kila siku. Nampenda sana mtu huyu na sikuwahi kumshonea hata kitambaa cha pua.

Binti akajifuta uso. "Nitasema kimeharibika," akasema. "Nitakitoa leo, nikitundike kwingine. Kikibaki hapa wazi, baba, moshi wa oili hii utavuka kiwango kinachoruhusiwa mara mbili. Itabidi tanuru lizimwe mpaka ujenge bomba la moshi na utafute kitu kingine cha kuchoma. Mtakula nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini mume wangu alishika neno jingine.

"Useme uongo, wewe? Kwa ajili ya moshi wangu?" Aliuliza kwa upole, lakini namjua, alikuwa amekata kauli. "Mwambie huyo mkuu wako aje. Atanikuta."

Mkuu alikuja asubuhi, mama mmoja mwembamba mwenye macho makali. Mume wangu alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Aliikunjua foronya mbele ya mgeni kama muuza vitambaa, akaeleza yote bila kuficha kitu: mpira wa baiskeli, kufunika, kufunua, kufuta vumbi.

Yule mama akaigeuza ndani nje, nje ndani. "Hii foronya ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema, "na bado sijamsamehe."

Akauma midomo asicheke. Kisha akamgeukia mume wangu. "Haya, washa. Bila nguo."

Aliwasha. Moshi ukapanda, ukakimeza kisanduku cheupe mpaka kikawa cha kijivu. Binti alisimama na simu mkononi akisoma hesabu zinazopanda, na kadiri zilivyopanda ndivyo sauti yake ilivyoshuka.

"Sikusikii, mama," baba yake akamwambia kutoka kwenye moshi. "Soma kwa nguvu."

Akajikaza, akasoma kwa nguvu, mpaka mwisho. Mkuu wake alimtazama tu, hakumsaidia. Halafu mwanangu akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba karakana hii imevuka kiwango, na tanuru lisiwashwe tena mpaka bomba lijengwe na oili iachwe.

"Naam," akajibu baba yake, akazima.

Karakana ikawa kimya kuliko nilivyowahi kuijua. Mkuu alitangulia ofisini, binti akabaki. Aliketi kwenye rimu karibu na baba yake, bega kwa bega, wote wawili nyuso zina masizi.

"Watakuajiri moja kwa moja?" baba yake akamuuliza.

"Sijui bado, baba. Lakini wakati anaondoka ameniambia sasa ananiamini."

Mume wangu aliguna kwa kuridhika, kama anavyoguna sufuria ikitoka kwenye mchanga bila ufa.

"Basi sufuria zitasubiri," akasema.

Nikaichukua foronya yangu nikaenda nayo kwenye beseni, nikageukia ukutani wasinione nalia. Sikuifua.