Vipimo vya Joho la Shujaa

Kwa miaka ishirini na miwili nimewashonea suruali wanaume wasiokubali kwamba wamenenepa, lakini mteja aliyenitoa jasho kuliko wote ni mtu wa kwenye karatasi.

Aliyemleta ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, na Ijumaa ile alikuwa anastaafu. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akiwasomea wagonjwa wake vitabu vya zamani vya katuni, vile vya mashujaa wanaoruka angani, hadi kurasa zikalegea. Sasa alitaka kuwaaga akiwa amevaa joho la njano la shujaa wanayempenda. Akanibwagia kitabu mezani, juu ya kaptula ya mtu.

"Liwe sawasawa na hili, shemeji. Sitaki la kukaribiakaribia."

"Watoto watajuaje tofauti?"

"Watajua tu. Kuna binti mmoja wa miaka tisa kavunjika mguu, tunamwita Mkaguzi. Kitabu hiki amekikariri picha kwa picha. Nikikosea ataniumbua mbele ya wodi nzima."

"Yaani mzee mzima unaogopa mtoto wa miaka tisa!"

"Hujamwona wewe. Halafu siku ya mwisho ni moja, shemeji. Hairudiwi."

Alicheka, ila hakunitazama. Mimi niliyemtania tangu siku alipokuja kuposa na soksi zisizofanana, nikaacha utani na kukivuta kitabu karibu.

Alipoondoka nikavaa miwani, nikachukua rula. Kichwa cha shujaa kiliingia mara nane katika urefu wake, basi nikatumia kichwa kuwa kipimo. Ukurasa wa pili, joho linafika kwenye vifundo vya miguu. Vizuri. Ukurasa wa tano anaruka juu ya mji, na joho limekuwa refu kama watu watatu. Ukurasa wa kumi na moja, watu wanamsingizia kosa asilolitenda, na joho hilohilo linaishia magotini, jembamba kama taulo la jikoni. Nikapandwa na hasira. Fundi gani huyu? Kwangu angefukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Nikarudi ukurasa wa kwanza kwa nia ya kumkamata mchoraji na makosa yake yote, na aliyekamatwa nikawa mimi. Mikunjo yake ilianzia begani, pale kitambaa kinaposhikiliwa, ikashuka na kufunguka vilevile inavyofunguka kwenye nguo ya kweli. Mstari wa wino ulikuwa mnene chini ya kwapa, kwenye kivuli, kisha ukakonda mpaka ukawa kama uzi. Rangi ilikuwa ya bei rahisi, vitone vitupu vya uchapaji, tena njano ilikuwa imevuka mstari. Lakini nikikisogeza kitabu mbali kidogo, joho linawaka.

Nikayafunika maneno kwa vipande vya kitambaa. Hadithi ikaendelea bila wasiwasi. Shujaa akifurahi, joho linatanuka. Akiona aibu, linasinyaa. Hatari ikija, pindo linanyooka kuelekea picha inayofuata, na jicho langu linakuwa limeshafika huko kabla sijaamua kwenda. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na picha moja tu, bila neno hata moja: mvua kubwa, shujaa amepiga magoti, na joho amelitandaza liwe paa juu ya mtoto asiyemjua. Nililia, nasema kweli, nikiwa na pini mdomoni, jambo ambalo simshauri mtu.

Mchoraji hakuwa amekosea. Alikuwa anapima moyo, na mimi nilikuwa napima nguo. Lakini kitambaa cha dukani kina urefu mmoja, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Nikakata urefu mkubwa kuliko wote, mita sita za kitambaa chepesi, kisha upande wa ndani nikashona safu tatu za vifungo vya kubana, ili joho liweze kufupishwa na kupunguzwa upana. Sijawahi kushona kitu cha kipuuzi kama kile kwa furaha kiasi kile.

Siku yenyewe nilikwenda wodini kama fundi wa dharura. Shemeji alipochomoza nyuma ya pazia, feni likalipepea joho, na vitanda kumi na vitatu vikalipuka kwa kelele.

"Ukurasa wa tano!"

"Wa kumi na moja!"

"Wa mvua! Mimi nataka wa mvua!"

Alikimbia kitanda hadi kitanda, nami nyuma yake nafunga na kufungua vifungo, jasho linanitiririka, tunacheka kama wendawazimu.

Mkaguzi alisubiri, mguu wake wa plasta juu ya mito, mikono kaikunja.

"Bado wa mwisho," akasema.

"Muda umekwisha, mama," shemeji akajibu haraka, na nikajua alikuwa akiomba asidaiwe ukurasa huo.

Yule binti akanifungulia mimi kitabu. Ukurasa ule nilikuwa nimeupita mbio: shujaa anakwenda zake, tunamwona mgongo tu, hakuna upepo, na joho refu linaburuta vumbini. Nilidhani mchoraji alikuwa amechoka.

"Unaona, fundi? Hakuchora uso."

"Kwa nini?"

"Si joho limeshasema? Limebaki nyuma. Halitaki kuondoka."

Nikavifungua vifungo vyote. Mita sita zikashuka sakafuni, mimi nisiyeruhusu pindo liguse hata zulia. Shemeji akatugeuzia mgongo na kuanza kutembea polepole katikati ya vitanda. Mabega yalikuwa yanamtikisika, lakini hakugeuka, na hakuna aliyehitaji kuuona uso wake.

"Huo ndio wenyewe," Mkaguzi akasema.

Shemeji alikuwa ameshatoka mlangoni. Mita mbili za joho zilikuwa bado ndani, zinakwenda taratibu, na watoto wakazipigia makofi.